Kadi ya Mabula

Macho yangu yamechoka, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa na kalamu nene. Nyinyi mnaobaki pale kiwandani mtanivumilia. Siku mliyoniaga mlinipa kanga na keki yenye picha yangu juu yake, na sikuweza kuikata kabla ya kuangalia kama picha imekaa katikati. Haikukaa. Ilikuwa imeegemea kushoto. Nikajua kwamba bado kuna mambo sijawaambia.

Habari za vyeo sitaziandika, maana sikuwa navyo, na mishahara yetu mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za kadi za wachezaji. Watu wa kadi wataendelea kuja hata nikiwa nimelala nyumbani na miguu juu ya mto, na itabidi mmoja wenu awapokee.

Nilianza kazi pale Nyakato, Mwanza, nikiwa msichana niliyemaliza kidato cha nne. Tulichapa mifuko ya unga, lebo za sabuni na karatasi za kufungia pipi. Kiwanda cha pipi kilipakana nasi ukuta kwa ukuta, na mwenye kiwanda hicho alipenda mpira kuliko alivyopenda pipi. Yeye ndiye aliyeamua kwamba ndani ya kila pakiti iwekwe kadi ndogo yenye picha ya mchezaji wa timu za kwetu: timu za viwanda, za bandarini, za mashule. Mbele kulikuwa na sura, chini ya sura jina, na nyuma maneno machache: anacheza nafasi gani, ametoka wapi, anapenda chakula gani. Wote walipenda ugali na samaki, kwa sababu aliyeandika hakuwa na muda wa kuuliza.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Sefu. Alikuwa mtu wa mjini, mwembamba, kofia haitoki kichwani, na alifanya kila kitu: alipiga picha, alizisafisha chumba cha giza, alitengeneza sahani za kuchapia, alisimamia mtambo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakusema neno mpaka chakula cha mchana. Aliweka mbele yangu rundo la kadi zilizoharibika na kunitaka nimwambie kila moja ina kosa gani. Nilidhani ni mtihani wa siku moja. Ulichukua mwezi.

Alichonifundisha mwezi ule nimekitumia mpaka juzi. Karatasi zigongwe mezani hadi zilingane kabla ya kuingia kwenye mashine ya kukatia. Kisu kinolewe kabla hakijaanza kulalamika, maana kikishalalamika kimeshaharibu kazi. Na mtu utakayetaka kumtambua kwenye picha, usianze na macho wala mdomo. Anza na sikio. "Uso unanenepa, nywele zinaondoka, meno yanang'oka," aliniambia. "Sikio linabaki na mwenyewe." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kati ya timu zilizokuja kupigwa picha ilikuwemo timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Magu. Walifika wamekaa juu ya lori, nywele zimejaa vumbi na nyuzi za pamba. Jezi zao mpya zilikuwa hazijafika. Ilikuwepo moja tu, namba nane. Basi kila mchezaji aliingia, akaivaa, akapigwa picha, akaivua na kumpa mwenzake aliyesubiri kifua wazi. Lilikuwa jua kali, na wa mwisho aliivaa ikiwa imelowa kama imetolewa ziwani. Kadi yake mkiitazama mtaona amekunja uso. Siku hizi wakusanyaji huniuliza kwa nini timu nzima ilivaa namba nane. Mmoja alikuwa na maelezo marefu kuhusu mfumo wa uchezaji wa enzi hizo. Nilimwacha amalize.

Kazi yangu siku ile ilikuwa kuandika majina. Akaja winga wa kushoto, kijana mrefu mwenye miguu kama ya korongo. Nilipomwuliza jina alitazama mlangoni, alikosimama mwanaume aliyemzidi umri kidogo, amevaa shati la kazi. Ndipo akasema anaitwa Mabula. Walipoondoka Mzee Sefu alinong'ona kwamba yule kijana ameazima jina. Nikamwuliza niandike nini.

"Andika alichosema," akaniambia. "Sisi tunachapa sura na tunachapa jina. Kuviunganisha ni kazi ya wenyewe."

Kadi ya Mabula ikapendwa kuliko zote. Alikuwa na mbio, na alikuwa na tabia ya kumsubiri beki ajipange vizuri kwanza ndipo ampite. Watoto walitoa makipa wawili watatu wapate Mabula mmoja. Msimu uliofuata aliumia goti na hakuonekana tena uwanjani. Haikupita miaka mingi kiwanda cha pipi nacho kikafungwa. Mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na kadi zikaisha.

Nilidhani habari hiyo imekwisha. Kumbe wale watoto walikuwa wanakua. Walianza kurudi mmoja mmoja, watu wazima wenye vitambi na funguo za gari, kuuliza kama tumebakiza kadi stoo. Wengine walitaka zilizochanika zirekebishwe, wengine walitaka kujua kama walichouziwa ni cha kweli. Mzee Sefu alikuwa ameshafariki. Bosi akanipa meza karibu na dirisha, na kazi ile ikawa yangu juu ya kazi nyingine zote.

Sasa sikilizeni, kwa sababu haya hamtayapata kwenye kompyuta. Msitie selotepu kwenye kadi ya zamani, hata mwenyewe akiomba. Inageuka rangi ya mkojo na haitoki. Gundi ya unga wa muhogo ni nzuri, lakini mende wanaipenda kuliko sisi, kwa hiyo kadi ikikauka ifungeni siku hiyo hiyo. Unyevu wa ziwa unaingia popote; msiegemeze kadi kwenye ukuta wa upande wa maji. Akija mtu na kadi iliyochakaa mno, inuseni. Kadi iliyozeeka yenyewe inanuka vumbi na sanduku. Iliyozeeshwa jana inanuka majani ya chai. Halafu itazameni kwa kioo cha kukuzia: wino wa mtambo wetu ulikuwa na nukta za duara, na nukta za nyekundu zilikaa pembeni kidogo ya mahali pake, kwa sababu mtambo ule ulikuwa na mguu mmoja mfupi na tuliuwekea chini kipande cha ubao.

Ila jambo ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo ni watu wenyewe. Wengi wa wachezaji wale hawakuwahi kupigwa picha nyingine. Mtu akifa, familia inakuja na kadi ya pipi ndogo kuliko kiganja na kuniomba niikuze itoshe kubebwa mbele ya jeneza. Nimekuza sura za vijana wenye umri wa miaka ishirini kwa ajili ya kuzika wazee wa sitini. Mjane mmoja alinitazama nikifanya kazi akasema, "Huyu simjui." Alikuwa ameolewa naye mume akiwa tayari na mvi. Ukifanya kazi hiyo kwa miaka mingi unachoka mahali ambapo usingizi haufiki. Siwatishi. Nataka tu mkichoka mjue ni kawaida.

Mwaka wangu wa mwisho alikuja Bwana Faraji, muuza spea za baiskeli na pikipiki pale mjini. Alikusanya kadi zetu tangu akiwa mtoto na hakuacha. Alitaka kufanya maonyesho kwenye ukumbi mmoja hapo mjini, kadi zote ukutani, na familia za wachezaji waalikwe. Alikosa chache, na moja ya hizo ni Mabula. Akatangaza redioni kwamba mwenye kadi ya zamani ailete kwangu isafishwe, itarudishwa salama.

Aliyeleta Mabula alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Neema. Alisema aliye kwenye kadi ni baba yake, aliyefariki miaka kadhaa iliyopita, na mama yake alitangulia kabla ya hapo. Kadi ilikuwa kwenye fremu, ilitundikwa sebuleni maisha yake yote, na unyevu ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Alisema wanawe humwonyesha kila mgeni: huyu babu yetu, winga. Nilimwambia aje Ijumaa.

Kadi iliyogandia kioo haivutwi. Nilivifunga vyote viwili katika kitambaa chenye unyevunyevu, nikasubiri, kisha nikapitisha uzi wa kushonea katikati, polepole, nikipumua kwa pua. Mgongo uliniuma mpaka mezani sikuonekana nimekaa bali nimemwagwa. Ikatoka nzima.

Ilikuwa bado inakauka alipoingia mzee mmoja anayeuburuza mguu. Alikuwa ametoka Magu asubuhi ile, alisikia tangazo redioni. Nilimwamkia shikamoo kwa ajili ya mvi zake. Baadaye tulipozungumza nikagundua amenizidi miaka michache tu. Aliiona kadi mezani, akaitazama kwa muda mrefu bila kuigusa.

"Dada," akasema, "unaweza kubadilisha jina kwenye kadi?"

Nikamwuliza jina gani.

"Hilo hapo. Toa Mabula, weka Shija."

Sikumwuliza kwa nini. Nilimtazama sikio. Ukingo wa juu wa sikio lake la kushoto ulikuwa umejikunja kama jani lililopigwa na jua, na kwenye kadi ulikuwa umejikunja vivyo hivyo. Nikamvutia kiti.

Akanisimulia. Mabula alikuwa kaka yake, mpimaji wa pamba kwenye mizani ya kiwanda. Timu ya kiwanda ilikuwa ya wafanyakazi tu, na Shija hakuwa na kazi. Alikuwa na miguu. Kaka yake akampa jina lake acheze nalo. Wafanyakazi wote walijua. Waliokuwa hawajui ni wakubwa, ambao ni wageni na hawakuzoea sura za watu wa mizani. Shija alipovunjika goti alipelekwa hospitali kama Mabula, akatibiwa kama Mabula, na Mabula mwenyewe akajificha nyumbani mpaka mdogo wake aliporuhusiwa. Kisha akarudi kazini. Lakini mtu aliyevunjika goti hawezi kurudi anatembea sawasawa.

"Ikabidi achecheme," Shija alisema. "Alikuwa anachechema mbele ya mizani kutwa nzima, dada. Akisahau, wenzake wanakohoa, anakumbuka."

Alichechema msimu ule na uliofuata, mpaka meneja alipohamishwa. Wakati huo nyonga ilishazoea. Akajaribu kutembea vizuri, ikashindikana. Akahamia Mwanza, akaoa, akazaa, na watoto wake walimkuta baba anayechechema na kadi ukutani. Hawakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Miaka yote hiyo Shija aliwaambia wapwa na watoto wa kaka yake kwamba goti lake liliumizwa na plau ya ng'ombe. Mara moja tu alimwomba kaka yake waseme ukweli. Mabula akacheka na kumwambia angoje: yeye Mabula akifa ataondoka na jina lake likalale naye, na Shija abaki na lake.

"Sasa amekufa," Shija alisema. "Na mimi nimeanza kuumwa. Nataka sura yangu iwe na jina langu kabla sijaondoka. Si kwa ubaya."

Nilimwambia hapana, na sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni ya kazi: kadi ya zamani ukiichapa upya umeiua, na hilo sijawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Ya pili ni kwamba kadi haikuwa yangu wala yake. Mwenyewe ni Neema, na anakuja Ijumaa asubuhi. Aje amwambie.

"Neema ni mtoto wa kaka yangu," akasema.

"Basi itakuwa rahisi."

"Hapana, dada. Ndiyo maana itakuwa ngumu."

Hata hivyo alikuja. Ijumaa nilimkuta ameketi nje ya geti kabla yangu, amevaa koti la kuazima lililombana mabegani. Neema alipoingia alishangaa kumwona. Alimwamkia, akamwuliza habari za Magu, akadhani amekuja kwa ajili ya maonyesho ya kaka yake. Nikataka kutoka niwaache, lakini Shija aliniomba nikae.

Alimwambia bila kuzunguka kwamba winga wa kwenye kadi ni yeye, kwa jina la kaka yake. Alizungumza akitazama meza. Neema alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amesimama, mkoba begani, kisha akasema jambo ambalo nilijua atalisema.

"Baba alikuwa anachechema. Mguu ule uliumia mpirani. Sote tunajua."

Shija akakunja suruali yake hadi juu ya goti. Kovu lilikuwa refu, limekaa kama mshono wa gunia. Neema alilitazama. Halafu Shija akamweleza habari ya mizani, ya wenzake waliokuwa wanakohoa, na ya nyonga iliyozoea. Hapo Neema akakaa.

Mtambo ulikuwa unafanya kazi upande wa pili na nilitamani usimame. Mwishowe aliuliza kama baba yake hakuwahi kucheza mpira kabisa.

"Alicheza," Shija akamjibu. "Alikuwa golikipa wa kijijini, na alikuwa mbovu sana. Lakini mechi zangu alikuja zote. Uwanja ukiimba Mabula, alikuwa anainamisha kichwa, kama mtu anayeona haya kusifiwa."

Neema alichukua kadi yake ndani ya bahasha, akanishukuru mimi, akatoka. Hakumuaga baba yake mdogo. Nilimpikia mzee chai, ikapoa mbele yake. Aliondoka akisema alikuwa na kaka, alikuwa na watoto wa kaka, na sasa anarudi Magu na jina lake tu. Nilikuwa na wiki chache zimebaki kazini na nilijiambia nilitakiwa kustaafu mapema zaidi. Si kwamba nilimshauri vibaya. Ni kwamba nilichoka kuwa mtu ambaye mambo ya watu yanafunguliwa mezani pake.

Siku ya maonyesho nilikwenda kwa sababu Bwana Faraji alituma pikipiki inifuate. Ukumbi ulijaa. Kadi zilikuwa ukutani chini ya vioo safi, na ile ya Mabula ilikuwepo. Neema alikuwa ameileta mwenyewe asubuhi, sikujua. Jina lilikuwa lile lile. Yeye alisimama karibu nayo pamoja na wanawe, amevaa kitenge kipya, na alipokutana na macho yangu aliniamkia kwa kichwa tu.

Shija naye alikuja. Alisimama mlangoni, hakuingia, na nadhani angegeuka arudi stendi. Neema alimwona. Akapita katikati ya watu, akamshika mkono na kumleta mpaka mbele ya kadi. Alichomwambia njiani sikukisikia. Nilichosikia ni mzee mmoja mwenye fimbo, shabiki wa enzi zile, aliyekuwa amesimama hapo akilinganisha sura ya ukutani na sura ya mtu.

"Mabula," yule mzee alisema. "Mabula, winga wangu."

Shija aligeuka kuitazama kadi. Alikuwa amesafiri kwa ajili ya jina lake, na sasa mtu aliyempenda kwa jina lile lingine alikuwa amemnyooshea mikono yote miwili.

"Itika, baba mdogo," Neema akamwambia. "Anakuita wewe."

"Naam," Shija akasema.

Yule mzee akamshika, akaanza kumsimulia bao ambalo Shija alilifunga mwenyewe, na akalisimulia vibaya, kona siyo, kipa siyo, na Shija akamwacha aendelee akitingisha kichwa. Alipomaliza, Neema alimwambia yule mzee, kwa upole kama anavyowaambia wanafunzi, kwamba huyu anaitwa Shija. Mabula ni jina alilopewa na kaka yake, na kaka yake hakulidai tena. Mzee akarudia, "Shija," kama anaonja, kisha akaita watu wengine waje wamsalimie.

Mimi nilibaki mpaka ukumbi ulipoanza kupungua, kwa sababu miguu iligoma. Nilikaa karibu na mlango wa mbele. Ukumbi ule una ngazi nyingi za mawe kuelekea barabarani, na hazina mahali pa kushika. Shija alitoka akiuburuza mguu, Neema pembeni yake, watoto wameshatangulia chini. Neema hakumshika mkono wala hakumwambia aangalie. Alishuka ngazi moja, akasubiri, akashuka nyingine, akasubiri, huku akimsimulia habari nyingine kabisa, habari za shule, bila kutazama chini na bila kukosea hata mara moja, kama mtu ambaye alijifunza kutembea kando ya baba mwenye mwendo huo.